Sauti na picha haviendi pamoja? Pima kwanza, ndo usogeze

Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti: "mbona mdomo unafunguka kabla ya sauti", "nimerekodi vizuri tu ila nikiingiza kwenye programu ya kuediti sauti inakimbia", "mwanzo iko safi ila mwisho mtu ashanyamaza na sauti bado inaongea". Na jibu linalotolewa huwa ni lile lile, isogeze sauti kidogo. Sawa, isogeze, lakini kwa kiasi gani, kwenda mbele au nyuma, na ukishasogeza mwanzo ukakaa sawa, je mwisho nao umekaa? Hapo ndo watu wengi wanakwama, maana shida hii iko ya aina tatu na kila aina ina dawa yake. Kuna ile ambayo sauti imepishana na picha kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho. Kuna ile inayoanza kidogo alafu inakua. Na kuna ile ambayo kila kitu kiko sawa mpaka dakika fulani, pap, imeruka. Ukiitibu moja kwa dawa ya nyingine unatoka na video mbaya kuliko uliyoanza nayo.

Mwongozo huu ni wa faili lililokwisha kurekodiwa, yani unalo tayari kwenye simu au kompyuta na unataka kulinyoosha.

Andaa hivi kwanza

- Faili la asili, lile lililotoka moja kwa moja kwenye simu, kamera au programu ya kurekodi. Lililopitia WhatsApp limeshabanwa upya, muombe aliyerekodi akutumie la kwake kama dokumenti.
- Nakala ya hilo faili. Utafanya kazi kwenye nakala, la asili liache lilipo.
- VLC, kwa ajili ya kuangalia na kupima.
- MediaInfo, programu ndogo ya bure inayokuonyesha faili limetengenezwaje ndani.
- FFmpeg, programu ya bure ya kurekebisha video kwa amri za maandishi, kama huogopi kuandika amri. Kama unaogopa, chukua HandBrake na MKVToolNix, zina vitufe vya kubonyeza na zote ni za bure.
- Hedifoni au spika za waya. Hili sio la hiari, utaona kwa nini.
- Nafasi kwenye diski, walau mara mbili ya ukubwa wa faili lako.
- Sehemu ya kuandika namba. Usizitunze kichwani, utazichanganya.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni faili lenye shida

Vua Bluetooth. Sauti ya Bluetooth inachelewa kufika masikioni, kwa vifaa vingi inaweza kupita milisekunde 200 bila shida, ila simu zinajua hilo kwa hiyo ukiangalia video za kawaida zinaichelewesha na picha ili viende pamoja. Programu nyingi za kuediti hazifanyi hivo. Matokeo yake mtu anakaa usiku mzima anarekebisha video ambayo haikuwa na tatizo lolote, alafu akiwatumia wenzake wenye spika za kawaida wanamuuliza mbona sauti inatangulia.

Ukishaweka waya, fungua faili kwa VLC, kisha lijaribu kwenye kifaa kingine tofauti kabisa. Sasa:

Likiwa sawa kwenye kifaa kimoja na bovu kwenye kingine, faili halina kosa. Mara nyingi ni kompyuta ya zamani inayoshindwa kufungua video nzito ya 4K, picha inakwama kwama huku sauti ikiendelea na safari yake. Kwenye runinga iliyounganishwa na spika za nje ni kinyume, runinga inatumia muda kuipamba picha na sauti inatangulia, na dawa yake iko kwenye setingi za runinga yenyewe sehemu ya kuchelewesha sauti, hakuna haja ya kugusa video.

Likiwa sawa kwenye VLC ila bovu ukiliingiza kwenye programu ya kuediti, karibu kila mara ni mambo ya fremu, yani zile picha moja moja zinazounda video. Pita hatua ya 4 uhakikishe, alafu ruka mpaka ya 6.

Likiwa bovu kila mahali, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Angalia sehemu tatu, sio moja

Hii ndo hatua wanayoiruka karibu wote, na ndo yenye jibu. Tafuta sehemu tatu ambazo mdomo wa mtu unaonekana vizuri: moja mwanzoni kabisa, moja katikati, moja karibu na mwisho. Tafuta maneno yenye b, p au m, kwa sababu kwenye herufi hizo midomo lazima igusane, mtu hawezi kusema "baba" au "mama" na mdomo wazi. Kama hamna mtu anayeongea tafuta kitu kinachogonga, mlango unaofungwa, kikombe kinachowekwa mezani, makofi. Kofi moja la nguvu ni bora kuliko dakika kumi za maongezi.

Usichague sehemu ambayo mtu yuko mbali sana na kamera. Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yani kila mita inakula karibu milisekunde 3, kwa hiyo mtu aliyesimama mita 30 toka kwenye maiki ya kamera sauti yake itachelewa kama milisekunde 90 na hapo hakuna kilichoharibika, ni maumbile tu.

Hatua ya 3: Pima kwa namba

Cheza sehemu ya kwanza kwenye VLC. Kwenye Windows na Linux, bonyeza K kuichelewesha sauti na J kuiwahisha, kila mbonyezo mmoja ni milisekunde 50 na namba inatokea juu ya picha. (Kama vitufe hivyo havijibu, ingia menyu ya Tools kisha Track Synchronization, uandike namba mwenyewe.) Endelea mpaka mdomo na sauti vikae, alafu andika namba pamoja na alama yake: +300 maana yake sauti inahitaji kucheleweshwa milisekunde 300, -300 maana yake inahitaji kuwahishwa. Nenda sehemu ya pili, rudia. Ya tatu, rudia.

Utapata moja ya matokeo haya:

- +300, +300, +300: imepishana kwa kiasi kile kile. Una bahati, nenda hatua ya 4 haraka haraka kisha ya 5.
- 0, -900, -1800: inakua kadiri video inavoendelea. Hatua ya 4 na ya 6.
- 0, 0, -700: imeruka mahali. Hatua ya 7.

Angalizo: hicho ulichofanya kwenye VLC hakijabadilisha faili. Watu wengi wanarekebisha hapo, wanafurahi, wanatuma video, na mpokeaji anakuta iko vile vile.

Ukitaka kipimo cha karibu zaidi tumia kitufe cha E kwenye VLC, kinasogeza fremu moja moja, au ingiza video kwenye programu yoyote ya kuediti inayoonyesha mawimbi ya sauti, uangalie fremu ambayo viganja vinagusana na pale wimbi linaporuka juu. Kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde fremu moja ni kama milisekunde 33, kwenye 25 ni 40.

Na usijiumize kutafuta ukamilifu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lao BT.1359 la 1998 waliweka kwamba watazamaji wanaanza kugundua pale sauti inapotangulia kwa karibu milisekunde 45, au inapochelewa kwa karibu 125. Umeona hizo namba hazilingani? Tumezoea sauti kufika nyuma ya picha, ikitangulia ndo inatukera haraka. Kwa hiyo ukibaki njia panda, acha sauti ichelewe kidogo kuliko itangulie.

Hatua ya 4: Fungua MediaInfo usome

Buruta faili ndani ya MediaInfo, badilisha muonekano uwe Text au Tree, kisha andika haya: Frame rate mode, Frame rate (fremu ngapi kwa sekunde), Sampling rate (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, kama 48000 au 44100), Duration ya video na Duration ya sauti (kila moja peke yake, usichukue ile ya juu ya jumla), na kama kuna mstari wa Delay relative to video uandike pia.

Frame rate mode ikisema Variable, maana yake fremu hazikurekodiwa kwa mwendo mmoja. Simu nyingi ziko hivo, hasa gizani ambapo simu inapunguza fremu ili ipate mwanga wa kutosha, na hata programu nyingi za kurekodi skrini na mikutano ya mtandaoni. VLC inasoma muda wa kila fremu kwa hiyo inacheza sawa. Programu kadhaa za kuediti zinachukulia kila fremu ina urefu sawa, ndo picha inaanza kuachana na sauti.

Kwa wale ambao shida yao inakua, namba zenu za hatua ya 3 zinasema mengi zaidi ya mnavyodhani. Piga hesabu imepishana kiasi gani kwa saa moja ya video, alafu linganisha:

- Karibu sekunde 3.6 kwa saa: kuna mahali fremu 29.97 kwa sekunde imechukuliwa kama 30, au 23.976 kama 24. Tofauti yao ni ile ile, moja kwa elfu.
- Karibu dakika 2 na nusu kwa saa: 24 imegeuzwa 25 au kinyume chake, na sauti haikugeuzwa nayo.
- Dakika 5 na kitu kwa saa, na sauti za watu zimekuwa nzito kama wamelala au nyembamba kama katuni: sauti ya 48000 imesomwa kama 44100, au kinyume.
- Sehemu ndogo ya sekunde kwa saa, na sauti ilirekodiwa kwa kifaa cha pembeni: ni zile saa za ndani zinazopima muda, kila kifaa kina yake na hazilingani. Hakuna kilichoharibika, vifaa vya kawaida ndo vilivyo.
- Haina mpangilio, mara inakua mara inarudi: fremu zinazobadilika, karibu hakika.

Hatua ya 5: Kama imepishana kwa kiasi kile kile

Hii haihitaji kuencodi upya (kuibana video upya), ubora unabaki ule ule na kazi inaisha haraka. Tuseme ulipata +300. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, kwenye folda lenye nakala yako uandike:

`ffmpeg -i video.mp4 -itsoffset 0.3 -i video.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy mpya.mp4`

Usishangae faili lile lile kutajwa mara mbili. La kwanza tunachukua picha, la pili tunachukua sauti, na itsoffset inagusa tu lile lililoandikwa baada yake. Namba ni sekunde, kwa hiyo milisekunde 300 ni 0.3, ukiandika 300 utapata video yenye dakika tano za ukimya. Ulipata -300? Weka -0.3.

Kwa MKVToolNix: ingiza faili, bofya mstari wa sauti kwenye orodha, upande wa kulia tafuta sehemu ya Delay, andika 300 au -300 (hapa ni milisekunde), anza. Utapata faili la MKV.

Sasa kuna kitu kimoja kinachowasumbua watu. Njia hizi mbili haziigusi sauti yenyewe, zinaandika tu maelezo ndani ya faili kwamba sauti ianze wakati fulani, na kuna pleya na programu za kuediti zinazopuuza maelezo hayo. Ukiona mpya.mp4 iko sawa kwenye VLC ila bovu kwingine, choma marekebisho ndani ya sauti kabisa. Kuichelewesha:

`ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af "adelay=300:all=1" -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4`

Kuiwahisha, yani kukata kipande cha mwanzo:

`ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af "atrim=start=0.3,asetpts=PTS-STARTPTS" -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4`

Picha inanakiliwa ilivyo, ni sauti tu inayoencodiwa upya, na kwa 192k hakuna atakayesikia tofauti kwenye maongezi.

Hatua ya 6: Kama inakua

Hapa usisogeze kitu. Ukisogeza utasawazisha sehemu moja na kuharibu nyingine, utazunguka siku nzima. Anza na fremu, alafu ndo uje kwenye mwendo wa sauti, kwa mpangilio huo huo.

*Kwanza, fremu.* Kama MediaInfo ilisema Variable, geuza faili liwe na fremu za mwendo mmoja kabla hujaliingiza kwenye programu ya kuediti. Kwa HandBrake: fungua faili, nenda kwenye Video, pale kwenye Framerate chagua namba iliyo karibu na ile uliyoiona kwenye MediaInfo (29.8 chagua 30, 24.9 chagua 25), na chini yake chagua Constant Framerate. Isome vizuri hiyo, kuna Peak Framerate pale pale na mara nyingi ndo inakuwa imeshachaguliwa tayari, ukiiacha hivo fremu zitabaki zinabadilika na utarudi kulalamika kwamba HandBrake haifanyi kazi.

Kwa amri:

`ffmpeg -i video.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k thabiti.mp4`

Hii inachukua muda kwa sababu picha inaencodiwa upya, na faili linaweza kuwa kubwa kuliko la mwanzo. Namba ya crf ikishuka ubora unapanda na ukubwa pia, 18 inatosha kabisa. Programu za kuediti za Shotcut na Kdenlive zenyewe zinagundua fremu zinazobadilika na kukuuliza kama unataka faili ligeuzwe, kubali, watu wengi wanabonyeza hapana bila kusoma.

Kama ulishaanza kuediti na taimlaini (ule mstari wa muda unapopangia vipande) imejaa vipande, pole, faili jipya utalibadilisha na la zamani kwenye programu yako lakini vile vipande ulivyosogeza kwa mkono kufidia itabidi uvirudishe.

*Pili, mwendo wa sauti.* Fremu zikiwa thabiti na bado inakua, au sauti ilitoka kwenye kifaa cha pembeni, inabidi sauti ikimbizwe au ipunguzwe kasi kidogo sana. Unahitaji matukio mawili yanayoonekana na kusikika, moja karibu na mwanzo na jingine karibu na mwisho, yaliyoachana mbali kadiri inavyowezekana. Andika muda wa kila moja kwenye picha na muda wake kwenye sauti. Mfano:

- Kofi la kwanza: kwenye picha sekunde 10.00, kwenye sauti 10.20
- Kofi la mwisho: kwenye picha sekunde 3010.00, kwenye sauti 3011.70

Umbali kati ya makofi kwenye sauti ni 3001.50, kwenye picha ni 3000.00. Gawa wa sauti kwa wa picha: 1.0005. Hiyo ndo namba yako.

`ffmpeg -i thabiti.mp4 -c:v copy -af atempo=1.0005 -c:a aac -b:a 192k nyooka.mp4`

Zaidi ya 1 sauti inakimbizwa, chini ya 1 inapunguzwa. Ukigawa kinyume, picha kwa sauti, shida inakuwa mara mbili badala ya kuisha, na hilo litajionyesha mara moja ukipima mwisho. atempo haibadilishi uzito wa sauti, mtu anabaki na sauti yake.

Baada ya hapo pima tena sehemu tatu. Sasa zote zinatakiwa ziwe na namba moja, kwa mfano wetu kama -195, na hiyo unaimalizia kwa hatua ya 5. Usijaribu kufanya yote kwa amri moja mara ya kwanza, ikikataa hutajua ni kipi kimekosea.

Kwa wale wa sauti nzito au ya katuni atempo sio dawa yenu, kwa sababu nyie mnataka uzito nao urudi. Kama sauti imeandikwa 44100 wakati ukweli ni 48000:

`ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af "asetrate=48000,aresample=48000" -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4`

Hatua ya 7: Kama imeruka ghafla

Sababu kubwa ni kwamba wakati wa kurekodi kuna sauti au fremu zilipotea, kompyuta ilizidiwa, diski ilijaa, mtandao ulikatika kwenye mkutano. Jaribu hii kwanza:

`ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af aresample=async=1000 -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4`

Inaangalia muda ulioandikwa ndani ya faili na pale penye pengo inajaza ukimya, ili sauti iliyobaki isivutwe mbele. Kwa rekodi za mikutano mara nyingi inatosha yenyewe.

Isipotosha, ni kazi ya mikono. Tafuta dakika iliporuka: gawa video nusu, pima, kama nusu ya kwanza iko sawa basi kuruka kuko kwenye ya pili, igawe tena, mpaka ufike kwenye sekunde chache. Kwenye programu ya kuediti tenganisha sauti na picha, kata sauti pale pale, sogeza kipande cha baada ya hapo tu. Pengo litakalobaki lijaze na sauti tulivu ya chumba kutoka sehemu nyingine ya rekodi hiyo hiyo, ukiacha ukimya mtupu sikio linaustukia. Kama sehemu zilizoruka ziko tatu au nne fanya kuanzia mwanzo kwenda mwisho, ukianzia mwisho kila utakachorekebisha kitasogea tena.

Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kutuma

Pima zile sehemu tatu tena kwenye faili jipya, kwa waya, kwenye pleya mbili tofauti. Usiangalie dakika ya kwanza ukasema imekaa.

Bado haijakaa?

*Video iko sawa kwenye taimlaini, ila niki-eksporti inaachana.* Angalia fremu za projekti na fremu za eksporti ziwe namba moja, 29.97 na 30 sio kitu kimoja. Zikilingana na bado, eksporti kwa sauti ya 48000 na uhakikishe kila faili uliloingiza lina fremu thabiti, moja tu lenye fremu zinazobadilika linatosha kuharibu.

*Nilikata kipande kwa -c copy na mwanzo sauti inasikika huku picha imeganda.* Bila kuencodi upya picha haiwezi kuanzia popote, lazima ianzie kwenye fremu kuu, yani iliyohifadhiwa nzima bila kutegemea nyingine, na hizo zinaweza kuachana kwa sekunde kadhaa. Ama sogeza mkato uangukie kwenye fremu kuu, ama kata kwa kuencodi upya.

*Nimeunganisha vipande vingi, kila kinachofuata kinazidi kuachana.* Ndani ya kila kipande sauti na picha havina urefu sawa kabisa, vinapishana kwa milisekunde chache, ukiunganisha arobaini zinajumlika. Viunganishe ndani ya programu ya kuediti badala ya kuvibandika moja kwa moja.

*MediaInfo inasema Constant lakini inakua.* Kuna faili linalodai hivo na ndani sio. Ligeuze tu kama hatua ya 6 inavyosema, ukipoteza ni muda wa kuencodi.

*FFmpeg inakataa kuhifadhi MP4.* Ukiwa na -c copy na sauti ya aina ambayo MP4 haipokei, badilisha jina la mwisho liwe mpya.mkv, au toa -c copy uweke -c:v copy -c:a aac.

*Watu wawili kwenye video moja, mmoja yuko sawa mwingine hapana.* Kwenye rekodi za mikutano ya mtandaoni kila mtu anafika na ucheleweshaji wake, na sauti zote zimeshachanganywa kuwa moja. Hakuna namba itakayowatosheleza wote. Msawazishe anayeongea zaidi, au kata kwa mzungumzaji usogeze kila sehemu peke yake kama una moyo huo.

Ukirekodi tena

Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, na jingine kabla hujazima. La mwisho ndo wanalolisahau, na bila hilo hesabu ya hatua ya 6 inakuwa ya kubahatisha. Weka kila kifaa kwenye 48000, kama simu yako ina apu ya kamera yenye uwezo wa kufunga fremu kwenye namba moja itumie, na rekodi ndefu zikate vipande vya dakika ishirini hivi kama unatumia maiki ya pembeni.

Kwa wanaotumia OBS, programu ya kurekodi kwenye kompyuta: kwenye Settings, Audio, weka 48 kHz, na kifaa cha sauti cha kompyuta kiwe hivo hivo. Kamera nyingi za USB zinachelewesha picha, maiki haichelewi, kwa hiyo sauti itatangulia kila siku kwa kiasi kile kile. Rekodi kofi, pima kama hatua ya 3, alafu ingia Advanced Audio Properties uweke namba hiyo kwenye Sync Offset ya maiki. Ukibadilisha kamera, au hata fremu za kamera ile ile, pima upya.